Kinachokatwa Meru na Embu Hulipwa Kipini

Muulize mkulima wa mpunga wa Ozi, karibu na Kipini, adui yake ni nani. Atakwambia ni maji ya chumvi. Bahari hupanda mtoni, ikaingia shambani, na mpunga ukakauka ungali umesimama. Ukimwambia kwamba sehemu ya dawa yake iko Meru na Embu, huenda akakucheka. Lakini ndivyo ilivyo, na si jambo gumu kulielewa tukilifuata hatua kwa hatua.

Tuanze juu. Meru, Tharaka Nithi na Embu ziko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, upande unaotazama bahari yetu. Pepo hupeleka unyevu wa Bahari ya Hindi mpaka huko, ukageuka mvua. Msitu huipokea mvua hiyo kama mtungi: huyahifadhi maji na kuyatoa kidogo kidogo. Mito kama Kathita, Mutonga, Thuci na Rupingazi huteremka na hatimaye maji yake huingia Mto Tana, ambao husafiri takriban kilomita 1,000 hadi kumwaga maji baharini Kipini. Kwa hivyo maji yaliyotoka baharini kwa angani hurudi baharini kwa mtoni.

Mtungi ukivunjika, mambo hugeuka. Mwaka 1999, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilikagua msitu wa Mlima Kenya kutoka angani. Wakaguzi waliona miti ya asili iliyokatwa, tanuri za makaa na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Mwaka uliofuata msitu huo uliwekwa chini ya usimamizi wa KWS. Pasipo na miti, mvua huteremka kwa kishindo pamoja na udongo, na kiangazi kikiingia mto hunywea. Huku chini tunapata mafuriko msimu mmoja na ukame msimu wa pili. Na maji matamu yakipungua nguvu, ya chumvi hupata njia.

Katikati ya safari kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Kwa pamoja yana uwezo wa karibu megawati 600, na umeme huo huingia katika gridi ileile inayowasha taa za Mombasa na Malindi. Hatuwezi kusema mabwawa ni mabaya huku tukichaji simu zetu. Lakini mabwawa pia huzuia tope. Zamani gharika ya Tana ilileta rutuba iliyolisha mashamba ya Wapokomo, malisho ya Waorma, mikoko, na kamba wa Ghuba ya Ungwana. Udongo wa Embu ukiishia bwawani, bwawa hujaa tope nasi hukosa rutuba. Hasara ni ya pande zote mbili.

Hata ugomvi wetu uko ndani ya hesabu hii. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa Tana Delta. Wengi walisema ni ukabila tu. Siasa ilikuwepo, silaha zilikuwepo, na chuki ilikuwepo. Lakini palikuwepo pia mkulima na mfugaji wanaogombea ukingo mmoja wa mto. Anayetazama kipande kimoja hupata jibu rahisi, na jibu rahisi hutibu kidonda kimoja likaacha maradhi.

Na wa mlimani si adui. Mkulima wa miraa, chai au kahawa ana shamba dogo na karo ya kulipa. Tukimwambia asilime ukingoni na achimbe makinga maji, tunamwomba agharamike kwa faida ya mtu asiyemjua. Mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambapo watumiaji wakubwa wa maji wa chini huchangia wakulima wa juu kutunza udongo. Fikra hiyo yafaa kuvutwa hadi delta.

Wala Wameru si wageni kwetu. Masimulizi ya wazee wao yanasema walitoka mahali paitwapo Mbwa, kisiwani huku pwani, na baadhi ya wanahistoria wanapahusisha na Manda, jirani ya Lamu. Kama ni hivyo, walikwea kutoka huku kabla maji yao hayajaanza kuitwa ya bara.

Tatizo ni kwamba tumeugawa mto kwa mipaka ya kaunti. Kila kaunti ina bajeti yake na mpango wake, na mto hauna kitambulisho. Sasa kuna mpango wa bwawa kubwa zaidi, High Grand Falls, kwenye mpaka wa Tharaka Nithi na Kitui. Likijengwa, Ozi na Kipini zitajua kabla ya Nairobi.

Basi kikao cha maoni ya wananchi kikiitishwa Garsen au Witu, tusiulizie barabara na basari pekee. Tuulize maswali matatu: bwawa litaachia maji kiasi gani wakati wa kiangazi? Tope litapita vipi? Na nani kutoka delta atakaa mezani pamoja na watu wa Meru na Embu? Tusipouliza sisi, bahari itaendelea kupanda shambani.