Mtandao wa Wageni katika Waifai ya Nyumbani

Mhariri ameniomba nieleze jinsi ya kufanya mtandao wa wageni katika ruta ya nyumbani, maana wanafunzi kadhaa walimwuliza habari hiyo baada ya likizo. Nakubali kwa furaha. Lakini yanipasa nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa jambo hili nilijifunza kwa kukosea.

Mama yangu akaa na dada yangu kwetu Ayivu, mwendo mfupi kutoka mjini Arua, nami nafanya kazi Kampala. Wezi walikuja usiku mmoja wakachukua mbuzi wawili. Basi nikanunua kamera tatu ndogo, zile zinazogeuka huku na huku, nikamlipa fundi azifunge: moja kuelekea zizi, moja langoni, na ya tatu sebuleni. Fundi alizitia zote katika waifai moja pamoja na televisheni, simu za nyumbani na kompyuta ya dada. Dada ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake, na katika kompyuta ile mna majina ya wanachama, nambari zao za simu, na hesabu ya fedha ya kila mmoja.

Jioni moja mama alinipigia simu. “Mwanangu, ni wewe unayenitazama?” Nikamjibu kwamba niko kazini. Akasema, “Basi jicho hili la sebuleni limegeuka likanifuata mpaka mlangoni.” Nikamwambia kuwa ni umeme tu umetetereka. Nasikitika kwamba nilimjibu hivyo, kwa maana mama aliona sawasawa na mimi mwenye elimu ya mitambo sikuona kitu. Kesho yake jicho liligeuka tena, naye akalifunika kwa kitambaa. Jumamosi nikapanda basi la Arua.

Sasa tuangalie jambo lenyewe. Mtandao wa nyumbani ni kama boma. Mgeni akifika twamkaribisha, twampa kiti chini ya mwembe na maji ya kunywa. Lakini hatumwachi aingie ghalani kupima mtama wetu. Ruta yenye jina moja tu la waifai haijui tofauti hiyo. Cho chote kilichopewa neno la siri huingia bomani na kuweza kubisha kila mlango: kamera yaweza kuita kompyuta, na balbu yaweza kuita simu. Mtandao wa wageni ni jina la pili linalotolewa na ruta ile ile. Chombo kilichoingia kwa jina hilo hupata njia ya kwenda nje katika intaneti, basi. Kikijaribu kuita kompyuta iliyo upande wa ndani, ruta haikipitishi.

Kazi yenyewe haifiki nusu saa. Chini ya ruta pana kibandiko chenye anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Iandike katika kivinjari cha simu iliyo katika waifai hiyo, na ukurasa wa ruta utafunguka na kuuliza neno la siri la msimamizi. Hili silo neno la waifai. Ni la yule anayeitawala ruta, na mara nyingi bado ni lile lililotoka kiwandani. Libadilishe kwanza kabla ya kufanya jambo lingine. Kisha tafuta mahali palipoandikwa Guest Network, uwashe, uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uweke neno refu lisilofanana na la mtandao mkuu. Ukiulizwa kama wageni waruhusiwe kuona mtandao wa ndani, jibu ni hapana. Baadaye hamisha vyombo kimoja kimoja. Angalia pia kwamba ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na vyombo vingi vya bei nafuu husikia ya 2.4 tu. Nilipoteza karibu saa nzima kwa kutokumbuka hilo.

Nilifanya haya yote Jumamosi ile, nikarudi Kampala na kifua mbele. Siku ya nne mama akapiga simu: jicho limegeuka tena.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Mtandao wa wageni huwakinga wengine na kamera. Haumkingi mtu na yule aliyekwisha kuishika kamera. Kamera za namna hii hazingojei mtu aje kuzitafuta nyumbani. Zenyewe hutoka nje kila wakati na kuiarifu mitambo ya kiwanda kwamba zipo, na ye yote mwenye nambari ya kamera na neno lake la siri huunganishwa nayo, awe Arua au ng’ambo. Nambari ilikuwa imebandikwa mgongoni mwa kamera, na neno la siri lilikuwa 123456, kama lilivyotoka kiwandani. Nani aliyeingia sikujua, wala sitaki kumshuku mtu bure. Nilibadili maneno ya kamera zote tatu nikiwa Kampala, nikazifanyia masahihisho ya programu yaliyotolewa na kiwanda, na jicho halikugeuka tena.

Mtu ataniuliza: ikiwa neno la siri ndilo lililoponya, mtandao wa wageni wa nini? Jibu ni kwamba hatujui lini kiwanda kitaacha kutengeneza masahihisho, na chombo kilichoachwa hivyo huzidi kuwa dhaifu mwaka hata mwaka. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu kamera, ruta na mashine za kurekodi picha kwa maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Ilishika vyombo laki kadhaa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo viliamrishwa kuisonga kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wala Afrika haikusalimika: Mwingereza Daniel Kaye aliitumia Mirai kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia, akahukumiwa London mwezi Januari 2019 kifungo cha miezi 32. Tena Mirai ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu. Sisi wa West Nile tunaojua kukatika kwa umeme tungeweza kujisifu kwamba giza lingetusafishia kamera. Lakini umeme ukirudi na neno la siri likiwa lile lile, chombo huambukizwa upya baada ya muda mfupi.

Mwaka 2017 kampuni ya Darktrace ilieleza habari za nyumba moja ya kamari huko Amerika ya Kaskazini, ambako wezi walipitia chombo cha kupimia maji ya tangi la samaki, wakatoa gigabaiti 10 za habari. Nilipoisoma nilikumbuka kompyuta ya dada. Hapa Uganda Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 humtaka anayeshika habari za watu azilinde, na wanawake wale hawakumpa dada nambari zao ili zipitie katika kamera ya kulinda mbuzi.

Yako mambo ya kuudhi. Mashine ya kuchapa iache upande wa ndani, la sivyo kompyuta haitaiona. Mama alizoea kurusha nyimbo za kwaya kutoka simuni hadi kwenye televisheni, na sasa haziendi, kwa kuwa televisheni i upande wa wageni. Alinilaumu sana, lakini sikuirudisha. Ikiwa ruta yako haina mtandao wa wageni, nawe una ruta kuukuu, unganisha ya pili nyuma ya kwanza kwa waya. Hapa wengi hukosea upande. Kamera na balbu zikae katika ruta ya mbele, iliyo karibu na intaneti, na kompyuta ikae katika ile ya nyuma. Kwa maana walio nyuma huweza kuwafikia walio mbele, lakini walio mbele hawafiki nyuma.

Kamera ya sebuleni niliiondoa kabisa. Nitakuwapo shuleni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Mwenye ruta iliyomshinda na aje nayo, pamoja na waya wake wa umeme, na asisahau neno la siri la msimamizi.