Aliyelipa na Aliyeshika Kalamu

Kuanzia Septemba 2017, watoto wachanga 1,188 wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, waliandikishwa katika jaribio lililofanyika Haydom, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Shabaha ilikuwa udumavu. Wataalamu walishuku kwamba vimelea vya tumboni humdumaza mtoto hata asipoharisha. Basi wengine wakapewa dawa za kuua vimelea, azithromycin na nitazoxanide, kwa awamu, wengine nikotinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, na wengine dawa bandia. Fedha zilitoka kwa taasisi ya Bill & Melinda Gates.

Mwaka 2021 jarida la mtandaoni PLOS Medicine likachapisha jibu: walipofikisha miezi 18, waliopata dawa hawakuwa warefu kuliko wenzao.

Nalithamini sana jibu hilo. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna utafiti mkubwa wa afya unaokwenda bila mfadhili. Ninachotaka kujua ni kama habari isiyompendeza mfadhili nayo itachapishwa. Hapa jaribio lilikuwa limesajiliwa hadharani mapema, na kipimo chake kikuu, urefu wa mtoto, kilikuwa kimeshatajwa. Usajili huo ni kinga. Bila huo, mtafiti aliyekosa tofauti ya urefu anaweza kuhamia kwenye uzito, kisha kwenye damu, hadi apate cha kushangilia.

Linganisha na kisa cha Julai 2010. Tovuti ya makala za sayansi, ScienceBlogs, iliiuzia PepsiCo nafasi ili watu wa kampuni hiyo waandike kuhusu lishe. Waandishi kadhaa wakaondoka, na safu ile ikafutwa baada ya siku chache. Muuza soda alikuwa amelipia nafasi na kalamu akaishika mwenyewe, akikaa meza moja na wanasayansi ambao msomaji alikuwa akiwaamini. Mwaka huohuo PLOS Medicine ilitangaza kwamba haitapokea tena tafiti zilizogharimiwa na kampuni za tumbaku.

Lakini kutangaza jina la mfadhili hakumalizi kazi. Mfadhili anaweza asiguse hata nukta moja ya makala, ilhali swali lenyewe limechaguliwa kwa fedha zake. Udumavu wa Manyara unaweza kuulizwa kwa njia ya kidonge. Unaweza pia kuulizwa kwa njia ya maji ya kunywa, ya chakula cha miezi ya njaa, au ya maziwa yanayopungua malisho yakikauka. Maswali haya hayapati fedha kwa usawa, na mwandishi wa sayansi asiyelisema hilo amemwachia msomaji nusu ya habari.

Makala ile ya jaribio la Haydom imeandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Hanang aliyemnywesha mwanawe dozi zile anastahili kusoma kwa Kiswahili kwamba hazikumrefusha mtoto, nani alizigharimia, na ni maswali gani bado hayajapata wa kuyalipia.