Kompyuta ya Kuigiza Urukaji wa Ndege: Namna ya Kuichagua

Katika mji wa Kibaha, Mkoa wa Pwani, iko kata iitwayo Picha ya Ndege. Katika mji huohuo, kandokando ya Barabara ya Morogoro, iko pia kata ya Misugusugu. Tuchukue mfano wa kijana mmoja wa Misugusugu aliyesoma fizikia katika shule ya sekondari na mwenye nia ya kuwa rubani. Amedunduliza fedha kwa muda mrefu, na sasa ataka kununua au kuunda kompyuta ya kujizoezea urukaji. Fedha zake zatosha mashine moja tu. Akikosea kuchagua, itambidi aanze upya. Makala haya yamekusudiwa kumsaidia yeye na kila msomaji atakaye kufahamu kazi ambayo kompyuta ya namna hii hutakiwa kuifanya.

Chanzo cha simuleta

Simuleta ya urukaji ni chombo kinachomwezesha mwanafunzi kujifunza kurusha ndege bila ya kuondoka ardhini. Mmarekani Edwin Link alitengeneza chombo cha kwanza kilichopata sifa mwaka 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, na Link alitumia mivukuto ya hewa ya vinanda kukiinamisha chombo chake huku na huku. Mwanzoni wengi walikiona kuwa ni mchezo wa watoto. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kurukia katika mawingu na giza, jambo ambalo hawakuwa wamelizoea. Ndipo jeshi hilo liliponunua vyombo 6 vya Link.

Mwishoni mwa mwaka 1944, Chuo cha MIT cha Marekani, chini ya mhandisi Jay Forrester, kilianza kuunda mashine ya kukokotoa mwendo wa ndege kwa ajili ya simuleta ya jeshi la majini. Mashine hiyo, iliyoitwa Whirlwind, ilianza kufanya kazi mwaka 1951. Chumba cha rubani kilichokusudiwa kuunganishwa nayo hakikupata kukamilishwa. Hata hivyo, kazi hiyo iliwafunza wahandisi jambo kubwa. Kompyuta nyingine za siku zile zilipewa hesabu na kuachwa zimalize kwa wakati wake. Whirlwind ilipaswa kutoa jibu wakati uleule rubani alipogusa usukani. Jibu sahihi lililochelewa lilikuwa halifai kitu. Sharti hilo ndilo linalotawala uchaguzi wa kompyuta ya urukaji hadi leo.

Kazi inayofanyika katika sekunde moja

Rubani anaposogeza fimbo ya usukani, kompyuta husoma mahali fimbo ilipo. Kisha hukokotoa kani nne zinazotenda juu ya ndege, nazo ni kani ya mabawa inayoinua, uzito unaovuta chini, msukumo wa injini na ukinzani wa hewa. Kutokana na kani hizo hupata mahali papya pa ndege na namna ilivyoinama, halafu huchora picha ya dunia kama itakavyoonekana kutoka hapo. Mzunguko huu wote hurudiwa tena na tena. Ukirudiwa mara 40 kwa sekunde, kila mzunguko una milisekunde 25 tu, yaani sehemu 25 za elfu za sekunde.

Je, kuchelewa kidogo kuna madhara gani? Ndege inayotua kwa mwendo wa kilometa 220 kwa saa hupita mita 61 kila sekunde. Picha ikikwama kwa nusu sekunde, ndege imekwisha kwenda mita 30 bila ya mwanafunzi kuona. Tena, yeye hufanya kama nahodha mgeni wa jahazi: akiona chombo hakigeuki, huongeza kukata usukani, chombo kinapoitika huwa kimepita kiasi, naye hukirudisha kwa nguvu upande wa pili. Mkono unaofunzwa na mashine inayochelewa huzoea kosa. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani kwa simuleta za daraja la juu ziliweka kwa miaka mingi kikomo cha milisekunde 150 toka rubani aguse usukani hadi chombo kiitike.

Kwa hiyo msomaji asidanganywe na wastani. Mashine itoayo picha 90 kwa sekunde lakini ikasita kila baada ya muda mfupi ni duni kuliko ile itoayo picha 40 bila ya kusita kamwe.

Sehemu za kuangaliwa

Sehemu ya kwanza ni prosesa. Katika hesabu za urukaji, hatua moja hungoja jibu la hatua iliyotangulia, kama vile fundi asivyoweza kuezeka nyumba ambayo kuta zake hazijasimama. Prosesa za leo zina viini vingi vinavyofanya kazi pamoja, lakini katika programu nyingi za urukaji sehemu kubwa ya mzigo hukiangukia kiini kimoja. Yafaa basi kuchagua prosesa yenye viini vichache vyenye kasi kuliko yenye viini vingi vizito. Kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa yenyewe nayo ikiwa kubwa, hesabu hazisiti ovyo.

Sehemu ya pili ni kadi ya michoro. Hapa mambo ni kinyume, kwani nukta moja ya picha haingoji nukta nyingine, na kazi yaweza kugawiwa vitendakazi vidogo maelfu. Kioo cha kawaida chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta 2,073,600. Kioo chenye nukta 3,840 kwa 2,160 kina nukta 8,294,400, yaani mara nne. Anayetaka kioo kikubwa sharti awe tayari kulipia kadi yenye nguvu. Asiye na fedha hizo na atosheke na kioo cha kawaida.

Sehemu ya tatu ni kumbukumbu na diski. Gigabaiti 32 za kumbukumbu zatosha vizuri, na 16 zaweza kuvumilika. Diski iwe ya aina isiyo na sahani inayozunguka, ili mandhari ya nchi yasomwe upesi ndege inaposonga mbele.

Programu nayo ichaguliwe mapema. Microsoft Flight Simulator, tangu toleo la mwaka 2020, huvuta sehemu kubwa ya ramani zake kwa intaneti. Mahali ambapo intaneti ni ya polepole au ya gharama, X-Plane, ambayo mandhari yake hukaa katika diski, yaweza kufaa zaidi. FlightGear hutolewa bure, na mwanafunzi aweza kufungua na kusoma hesabu zake zenyewe.

Mwenye kompyuta tayari, au anayejaribu mashine iliyotumika katika duka la Kariakoo, afanye jaribio hili jepesi. Apunguze ukubwa wa picha kwa nusu na kuhesabu tena picha kwa sekunde. Zikiongezeka sana, kikwazo kilikuwa kadi ya michoro. Zisipoongezeka, kikwazo ni prosesa, na fedha ya kununua kadi mpya itapotea bure.

Hewa ya Pwani na umeme

Vitabu vingi vya maelekezo huandikiwa nchi za baridi. Tuseme prosesa ikifanya kazi nzito hupata joto linalozidi lile la chumbani kwa nyuzi 60. Katika chumba cha nyuzi 20 itafika nyuzi 80. Misugusugu, alasiri chumba kikiwa na nyuzi 33, itafika 93. Prosesa nyingi hupunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 95 au 100 ili zisiungue, na hapo ndipo picha zinapoanza kusita. Feni kubwa na kasha linalopitisha hewa vyema ni bora kuliko prosesa ya bei zaidi iliyofungiwa katika kasha la kupendeza. Vichujio vya vumbi visafishwe mara kwa mara.

Kuhusu umeme, kompyuta na kioo chake vikitumia wati 480, saa mbili kila jioni zitakula karibu yuniti moja, au yuniti 29 kwa mwezi. Betri ya akiba ya kuihimili mashine hiyo kwa dakika 10 inapaswa kutoa saa-wati 80. Mnunuzi asome wati, asisome namba kubwa ya VA peke yake, maana kifaa cha VA 1,000 mara nyingi hutoa wati 600 tu.

Picha si ndege

Limebaki jambo moja ambalo halinunuliwi kwa fedha. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina ya Boeing 737 MAX, iliyokuwa ikienda Nairobi kutoka Addis Ababa, ilianguka, na watu wote 157 wakafa. Wakenya walikuwa 32. Mwezi Mei mwaka huo kampuni ya Boeing ilieleza kwamba imesahihisha programu ya simuleta za ndege hiyo, kwa kuwa haikuweza kuiga baadhi ya hali za urukaji. Miongoni mwa yaliyokosekana ni uzito halisi wa gurudumu la mkono la kurekebisha mkia, ambalo ndege ikiwa na mwendo mkubwa huwa gumu mno kuzungushwa. Simuleta hizo zilikuwa mitambo ya gharama kubwa. Lakini kasi ya kompyuta haisahihishi hesabu iliyokosewa. Huifikisha upesi zaidi tu. Jambo hili latuhusu sisi pia, kwani ndege ya jamii hiyo iliingia Air Tanzania mwezi Oktoba 2023.

Kijana wetu wa Misugusugu afahamu basi mipaka ya mashine yake. Saa atakazoruka nyumbani hazitahesabiwa katika leseni, maana kifaa cha mafunzo sharti kiidhinishwe na mamlaka ya usafiri wa anga. Hata hivyo, aweza kujifunza kusoma saa za ndege, kupanga safari, kufuata orodha ya ukaguzi na kuzungumza na mwongoza ndege. Akifika chuoni, amweleze mwalimu mazoea aliyoyapata nyumbani, ili yaliyo mema yaendelezwe na yaliyo mabaya yaondolewe mapema.