Tarehe ya kuzaa si randevu

Wamama wengi wanapewa tarehe ya kuzaa kwenye CPN bila kuelezwa namna inapatikana. Hesabu ni nyepesi: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho (siku damu ilianza, si siku iliisha), ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, kisha ongeza mwaka 1. Hedhi ikianza 10 Machi, tunapata 17 Desemba.

Lakini hesabu hii ni ya mzunguko wa siku 28. Kama wako ni wa siku 35, tarehe inasogea mbele karibu juma moja. Hukumbuki siku? Fanya ekografi mbele ya juma la 14. Ile ya mwezi wa 8 inaweza kukosea hata majuma 3.

Tuelewane: karibu mtoto 1 tu kwa 20 ndiye anazaliwa siku ile yenyewe. Basi, toka juma la 37, nguo za mtoto na pesa ya maternite viwe tayari. Juma la 41 likiisha bila uchungu, usingoje nyumbani, rudi kwa muganga. Na ninyi wababa, andikeni ile siku kwenye simu, si kazi ya mama peke yake.