Fahamu: Muuguzi hufanya nini kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia?

Mashine ya kupumulia husukuma hewa yenye oksijeni kwenye mapafu ya mgonjwa asiyeweza kupumua vya kutosha mwenyewe, mara nyingi kupitia mpira uliopitishwa mdomoni. Haitibu ugonjwa, humpa mgonjwa muda.

Ilianzaje?

Mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, Denmark, wanafunzi wa udaktari walipokezana kuwapumulisha wagonjwa kwa kubinya mfuko wa hewa kwa mikono. Wodi za wagonjwa mahututi (ICU) zilichipuka hapo.

Kazi ya muuguzi

Tishio kubwa ni nimonia, ambayo huweza kujitokeza baada ya saa 48. Ndiyo maana upande wa kichwani wa kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45, kinywa husafishwa, na makohozi hufyonzwa kila yanapojaa, si kwa kufuata saa tu. Mgonjwa hugeuzwa asipate vidonda vya kulalia. King'ora kikilia, muuguzi mzuri humtazama mgonjwa kwanza, mashine baadaye.

Ndugu wafanye nini?

Mpira huzuia sauti, si masikio. Hata aliyepewa dawa za usingizi huenda anasikia. Naweni mikono, msemesheni mgonjwa wenu, na msiguse mipira wala vitufe.