MASHINI HUBADILIKA, KIDOLE HAKIBADILIKI
Usalama na Afya



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, vumbi na kofia za kazi. Leo tunazungumza juu ya michoro ya mashini. Msishangae. Mkono unaoletwa dispensari ukiwa umepondwa na mkanda au puli, mara nyingi umeingia fasi ambapo kikingio kilikosekana, au kilikuwapo lakini hakikufaa. Na kikingio huzaliwa katika mchoro kabla ya kuzaliwa katika tole.

Kikingio ni nini?

Kikingio, ambacho mafundi wetu wanakiita karteri, ni kifuniko cha tole au cha wavu wa chuma. Kazi yake ni kuzuia mkono usifike kwenye sehemu inayozunguka: puli, mkanda, gia, ngoma ya konvoya. Fasi mbaya kuliko zote ni pale mkanda unapoingia kwenye puli. Pale mashini hairudishi inachokishika. Inavuta glavu, baada ya glavu kidole, baada ya kidole mkono mzima. Mtu hapati hata nafasi ya kumwita mwenzake azime.

Kwa nini karteri inavuliwa?

Wengine husema: ni uvivu wa wafanyakazi. Mara nyingine ni kweli. Lakini tuangalie vizuri. Puli ya zamani imetolewa, kubwa zaidi imewekwa, na karteri sasa inagusa mkanda. Au karteri imeazimwa kwenye mashini nyingine. Matundu ya bulo hayalingani, basi inafungwa kwa waya. Au hakuna njia ya kutia girisi bila kuivua yote. Inavuliwa leo, inarudishwa. Inavuliwa kesho, inarudishwa na bulo mbili tu. Siku ya tatu inabaki pembeni ya ukuta, inashika kutu.

Karteri isiyolingana na mashini yake haikai. Kwa hiyo kila mashini inahitaji karteri ya kipimo chake. Zamani hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mashini 20 za ukubwa mbalimbali zilitaka michoro 20, kila mmoja kuanzia mstari wa kwanza. Mchoraji alichoka, akachukua mchoro wa mashini jirani, akasema: "Utafaa tu."

Mchoro mama

Siku hizi michoro inafanywa kwa kompyuta, ile tunayoiita ordinateri. Zipo programu ambazo ndani yake vipimo havikuandikwa juu ya mchoro kama mapambo. Kipimo ndicho kinachotawala mchoro. Ukibadilisha namba, mchoro wenyewe unabadilika.

Mnaweza kuelewa jambo hili kwa fundi wa kushona. Yeye hana patroni tofauti kwa kila mtoto wa shule. Ana patroni moja ya shati. Anapima bega, kifua na urefu wa mkono, halafu shati linatoka kwa kipimo cha mtoto. Mchoro mama ni patroni ya namna hiyo. Vipimo vinapewa majina, vinawekwa katika jedwali, na kila mstari wa jedwali ni mashini moja. Ukiongeza mstari, umepata karteri mpya.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1963, huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake Sketchpad. Ndani yake mtu aliweza kuchora umbo mama na kulirudia mara nyingi. Akibadilisha mama, watoto wote wanabadilika. Katika miaka ya 1980 kampuni aliyoianzisha Samuel Geisberg ilitoa Pro/ENGINEER, na kazi ya kuchora kwa vipimo vyenye majina ikaingia viwandani. SolidWorks ilifuata mwaka 1995. Tangu mwaka 2002 ipo pia FreeCAD, ambayo haiuzwi. Kijana anayejifunza ufundi anaweza kuitumia bila kulipa.

Mfano mmoja wa hesabu

Tuchukue karteri ya mkanda wa motere. Umbali kati ya shafti mbili ni milimita 800. Puli kubwa ina kipenyo cha 400, ndogo 200. Tunataka nafasi ya 50 kati ya puli na karteri, kila upande. Urefu wa karteri ndani ni: 800, na nusu ya puli kubwa 200, na nusu ya puli ndogo 100, na nafasi mbili 100. Jumla 1200.

Sasa puli kubwa inabadilishwa, inakuwa ya 500. Mchoraji anaandika namba hiyo moja. Ordinateri inahesabu: 800, 250, 100 na 100, jumla 1250. Matundu ya bulo nayo yanajipanga upya, kama mchoro umeambiwa kwamba umbali kati ya bulo usizidi, kwa mfano, 300. Kazi iliyokuwa ya siku nzima inakuwa ya dakika chache.

Lakini hapa pana mtego

Fundi wa kushona anajua jambo moja: mkono wa shati unakua, kifungo hakikui. Ukivuta patroni yote iwe kubwa, kifungo nacho kinakuwa kama sahani.

Vivyo hivyo na karteri. Mtu mwenye haraka anachukua karteri ya puli ya 400, anaivuta yote mpaka ienee puli ya 500. Kila kitu kinaongezeka mara 1.25. Matundu ya wavu, yaliyokuwa miraba ya milimita 10, yanakuwa ya 12.5. Nafasi ya 50 inakuwa 62.5. Kwa macho karteri ni nzuri. Je, ni salama? Si salama.

Kanuni ya kimataifa ISO 13857, iliyotolewa mwaka 2008 na kurekebishwa mwaka 2019, inaeleza mkono unafika wapi ukipitia tundu. Kwa tundu la mraba na kwa mtu wa miaka 14 na zaidi, umbali wa chini kutoka wavu mpaka hatari ni huu:

Tundu zaidi ya 6 hadi 8: umbali 15.
Zaidi ya 8 hadi 10: umbali 25.
Zaidi ya 10 hadi 12: umbali 80.
Zaidi ya 12 hadi 30: umbali 120.
Zaidi ya 30 hadi 40: umbali 200.
Zaidi ya 40 hadi 120: umbali 850.
(Vipimo vyote ni milimita.)

Angalieni. Tundu la 10 lilitaka umbali wa 25, nasi tulikuwa na 50. Ilikuwa salama. Tundu la 12.5 linataka 120, nasi tuna 62.5 tu. Kidole kinafika kwenye mkanda. Mashini imekua, lakini kidole cha mfanyakazi kimebaki kilekile.

Mambo ya kushika katika biro ya michoro na atelye

1. Tenganisheni vipimo vinavyofuata mashini (puli, shafti, urefu) na kile kinachofuata mwili wa mtu, yaani tundu la wavu. Hicho cha pili kisivutwe pamoja na vingine.
2. Vipimo vya kuingiza viwe vichache. Vingine vyote vihesabiwe na mchoro. Namba inayoandikwa fasi mbili, siku moja itatofautiana.
3. Wekeni kanuni ya matundu ndani ya jedwali, ili mstari usiotimiza umbali uonekane mara moja na usipelekwe atelye.
4. Jaribuni kwanza karteri ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Kama hizo mbili zinatoka sawa, zilizo kati zinaweza kuendelea kukaguliwa.
5. Katika mchoro mama wekeni tangu mwanzo bomba la kupeleka girisi nje. Karteri isiyovuliwa kila siku haipotei.
6. Namba ya mashini na namba ya mchoro zipigwe juu ya tole. Michoro ya zamani itolewe atelye.

Kazi yako wewe mfanyakazi

Jedwali haliendi kupima mashini. Wewe ndiwe unayeijua. Puli ikibadilishwa, mwambie shefu wa ekipe siku hiyohiyo, ili kipimo kipya kiandikwe. Kupima ni kwa mashini iliyosimama, umeme umekatwa na kufuli imefungwa. Usipime kwa mkono mmoja huku mkanda unazunguka ili kuokoa dakika tano. Na karteri ikigusa, ikilia, au ikikosa bulo, usiivue na kunyamaza. Sema. Namba ikisahihishwa, karteri nyingine itatengenezwa. Kidole hakitengenezwi atelye.

Na nyumbani je?

Katika mitaa yetu zipo mashini za kusaga mahindi ambazo mkanda wake uko wazi, na watoto wanasimama karibu wakingoja unga. Akina mama, mkono wa mtoto ni mwembamba: unapita katika nafasi ambapo mkono wa baba unakwama. Ndiyo sababu kanuni ileile ina jedwali lingine kwa watoto, lenye umbali mrefu zaidi. Wavu uliotosha atelye huenda usitoshe pale mtaani. Mwombeni mwenye mashini afunike mkanda kwa tole nzima, na mtoto angoje nje ya mlango.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo tuvitunze vyote kumi. Sisi wa dispensari tunajua kuosha kidonda, kukishona na kukifunga. Kidole kilichobaki ndani ya puli hatujui kukirudisha. Angalieni mashini zenu kesho asubuhi, kabla ya kuziwasha: je, karteri ni yake, au ni ya kuazima?