Kikoa cha Fanksheni: Neno na Hesabu Yake

Neno kikoa ni la zamani katika Kiswahili. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Asiyetoa zamu yake hahesabiwi miongoni mwao. Wanahisabati wamelipa neno hilo kazi mpya: kikoa cha fanksheni ni jumla ya namba zote ziwezazo kuingizwa ndani yake, nayo ikatoa jibu. Maana hii haikwenda mbali na ile ya kwanza, kwani kote kuwili twauliza nani yumo na nani hamo.

Namna ya kukitafuta kwa aljebra si ngumu. Katika namba halisi, yafaa kuanza kwa kukagua mambo mawili. Kwanza, asili ya sehemu isiwe sifuri. Pili, kilicho chini ya kipeuo cha pili kisiwe hasi. Tutazame f(x) = √(x − 2) / (x − 5). Kipeuo chadai x − 2 ≥ 0, yaani x ≥ 2. Asili yadai x − 5 ≠ 0, yaani x ≠ 5. Masharti yote mawili hayana budi kutimia pamoja. Basi kikoa ni namba zote kuanzia 2 na kuendelea, isipokuwa 5.

Mwanafunzi ajihadhari asifupishe kabla ya kukagua. (x² − 9) / (x − 3) hufupika kuwa x + 3, na hapo 3 yaonekana haina dosari. Lakini katika umbo la awali 3 huifanya asili kuwa sifuri. Kwa hiyo haimo katika kikoa, hata baada ya kufupisha.

Sasa twende Masagati, katika bonde la Kilombero. Tuseme wakulima x wamekodi lori kwa shilingi 240,000 kupeleka mpunga Ifakara, wakigawana gharama sawasawa: f(x) = 240,000/x. Aljebra yakataza sifuri tu. Yairuhusu −4, na 2½ pia. Lakini ni nani aliyewahi kuona wakulima wawili na nusu? Kikoa cha kweli ni 1, 2, 3 na kuendelea, mpaka hapo lori litakapojaa. Vivyo hivyo, tukitoa mita za mraba x za kitalu cha miche katika shamba la mita za mraba 400, na eneo lililobaki likawa mraba, upande wake ni √(400 − x). Aljebra yasema x ≤ 400. Shamba laongeza kwamba x isipungue sifuri.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tangu 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara, lakini fanksheni hufundishwa sekondari, kwa Kiingereza. Hatua za aljebra zaweza kukaririwa kwa lugha yoyote. Bali sharti litokalo shambani halionekani ila kwa aliyeyafahamu maneno ya swali. Asiyeyafahamu ataandika x ≠ 0 na kukosa alama, kwa jambo ambalo mzazi wake alijua siku alipochanga nauli ya lori.

Yafaa basi waandishi wa vitabu walieleze neno kikoa tangu mwanzo wa somo, na walimu wamtake mwanafunzi aseme kwa maneno yake, kabla ya kuandika jibu, ni namba zipi zimekatazwa na kwa sababu gani.